Kontena la ofisi halitupwi tu saiti

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Mimi ni karani wa saiti. Kwa miaka 19 nimekalia ofisi za kila aina: vibanda vya mabati na mabanzi, vyumba vya tofali vinavyojengwa ili vibomolewe, na siku hizi kontena. Kontena nalipenda. Lori hulileta asubuhi, kreni ikalishusha, na jioni ramani ziko ukutani. Kazi ikiisha linahamia saiti nyingine, halituachii kifusi.

Ninacholalamikia ni namna linavyoshushwa. La kwetu liliwekwa juu ya udongo uliojazwa siku mbili tu kabla. Mvua ya kwanza kunyesha, pembe moja ikazama vidole vinne. Fremu ikajipinda kidogo, mlango ukagoma. Wiki nzima tukawa tunaingilia dirishani, na mhandisi, mtu mzima na heshima zake, akipandia ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Dawa yake ilikuwa vitalu vinne vya zege chini ya pembe nne, maana uzito wote huegemea hapo, na pimamaji ya kuhakikisha limekaa sawa. Kazi ya nusu siku!

Halafu joto. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 hivi na upana usiotimia mita 2.5, nasi tumo wanne. Saa nane mchana kalamu hutapika wino kwenye daftari la mahudhurio. Usiku chuma kikipoa, pumzi zetu za mchana hugeuka matone darini, kwa hiyo asubuhi nakuta vitabu vya stoo vimeloa ilhali mvua haikunyesha. Paa la pili la mabati, lililoinuliwa ili upepo upite katikati, na madirisha mawili yanayotazamana vingetusaidia sana. Wanaobandika sponji ndani wajue kuwa baadhi yake hushika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Na waya wa ethi jamani, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, usisahauliwe! Sanduku zima ni chuma. Waya mmoja ukichubuka, kitasa cha mlango kinaweza kuua.

Wakandarasi, kabla ya lori kufika, tangulizeni fundi mmoja na pimamaji yake. Mlango wetu sasa unafunguka vizuri. Nyayo za mhandisi bado ziko dirishani.

Karani wa saiti