Faili la meza ya jirani halihitaji bando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji wa Morogoro aliyelalamika kwamba ofisi yake ndogo inakamuliwa na gharama za bando na ada za kuhifadhi nyaraka mtandaoni, na kwamba siku intaneti ikigoma kazi yote husimama. Nampa pole. Ila barua yake nimeisoma mpaka mwisho ndipo nikang'amua kwamba mafaili mengi anayoyalilia yanatoka kwa mhasibu kwenda kwa katibu muhtasi, na wote wawili wanakaa chumba kimoja.

Mimi ni karani wa masijala. Kazi nilianzia halmashauri, enzi za majalada ya karatasi na makabati ya chuma, nikastaafu, na sasa natunza kumbukumbu katika ofisi binafsi ya wapima ardhi hapa Chumbageni, Tanga. Tuko watu kumi na wawili. Ufundi wa kompyuta si fani yangu, lakini ofisi ilipoamua kuweka seva ya mafaili, yaani kompyuta moja inayotunza mafaili ya wote na kuyagawa kwa kebo bila intaneti, nilikuwa nimeketi pembeni ya fundi tangu kebo ya kwanza, na nina neno kwa mabosi wanaodhani hiyo ni kazi ya fundi peke yake.

Nianze na tulikotoka. Mchoro wa upimaji wa kitalu kizima cha viwanja si barua ya ukurasa mmoja. Ukichanganya na picha za droni unafika gigabaiti kadhaa. Vijana wetu walikuwa wakirushiana kwa WhatsApp, ambayo tangu mwaka 2022 inapokea faili la hadi gigabaiti 2. Basi faili linatoka kwenye kompyuta ya dirishani, linapanda ng'ambo, linashuka kwenye kompyuta iliyo karibu na mlango, na bando limeliwa mara mbili, la kutuma na la kupokea. Lililoshindikana kwenye simu linabebwa kwa flashi. Na flashi mnazijua wenyewe: asubuhi imechomekwa stationeri ya mtaani, mchana imerudi ofisini na kile kirusi kinachoficha mafolda yote na kuacha vinjia vya mkato visivyofunguka.

Lakini bando si hasara kubwa. Hasara kubwa ni utitiri wa nakala. Mchoro mmoja ulikuwa unaishi kwenye kompyuta nne kwa majina manne: Mchoro Mpya, Mchoro Fainali, Fainali ya Mwisho, na Fainali ya Mwisho Kabisa. Kikosi cha uwandani kikaenda Pongwe kusimika bikoni, zile nguzo za mipaka ya viwanja, kwa kufuata mmoja wapo, na kwa bahati mbaya haukuwa ule uliorekebishwa. Jirani wa mteja akaamka akakuta bikoni imesimama katikati ya mihogo yake. Zikang'olewa, gari likarudi tena na mafuta yake, na pale ofisini kila mmoja alikuwa na ushahidi kwamba faili lake ndilo sahihi. Wote walikuwa wanasema kweli, kwa tarehe zao.

Halafu ikaja Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, na Jumatatu nchi yetu na jirani zetu tukaamka intaneti inachechemea. Umeme upo, kompyuta zinawaka, printa inawaka. Mpimaji anamwambia mwenzake aliyekaa mkono wake wa kulia: "Subiri mtandao urudi nikutumie." Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Akawatazama, akasema, "Nyie si mnachangia meza moja?" Fedha za seva ziliidhinishwa wiki hiyo.

Vifaa navipitia haraka, maana si vya kutisha. Kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, diski mbili za terabaiti 2, swichi ya mtandao yenye matundu 16, yaani kisanduku kinachounganisha kebo za kompyuta zote, kebo zenyewe, na UPS, betri ya kuishikilia mashine umeme ukikatika. Jumla yake haikufikia bei ya simu anayotembea nayo bosi. Msomaji wa Morogoro akienda dukani ahakikishe mambo mawili. Swichi iwe ya gigabiti: ile ya megabiti 100 ni rahisi, lakini faili la gigabaiti moja litakuchukua kama dakika moja na nusu, wakati kwa ya gigabiti ni sekunde kumi hivi. Na kebo iwe ya shaba tupu. Madukani zimejaa za aluminiamu iliyopakwa shaba, ukikwangua kwa kisu unaona weupe ndani. Kebo ya mtandao ya daraja la Cat5e iliyo nzuri inafika mita 100 bila kulegea, na sidhani kama ofisi yake ina urefu huo.

Fundi wetu aliweka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux unaokaa mahali pa Windows, na juu yake Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Mwaustralia, Andrew Tridgell, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi yake ni kuifanya kompyuta ya Linux ionekane kwenye kompyuta za Windows kama folda tu ya kawaida, hata mtumiaji asijue kuna tofauti. Tungeweza kutumia Windows yenyewe, inaruhusu kompyuta 20 kuunganika kwa pamoja na sisi hatufiki huko. Ila mashine yetu ni kuukuu, Windows 11 haiikubali, na Windows 10 ilikuwa inaelekea kukatiwa huduma, jambo lililotimia Oktoba 14, 2025. Fundi akaipa seva anwani isiyobadilika ili kompyuta zisiitafute kila asubuhi, na kila mtu akawekewa alama ya diski mpya kwenye kompyuta yake. Kazi ya siku moja.

Hapo sasa ndipo tulipovutana. Fundi wetu, ambaye ni kijana, alitengeneza folda moja kubwa, akaniita kwa furaha: "Mama, tayari. Kila mtu anaingia, kila mtu anaweka, kila mtu anafuta."

Nikamuuliza, "Mwanangu, na mishahara inakaa wapi?"

"Humo humo, mama. Mhasibu ataifungia kwa paswedi."

Nikamwambia azime, tuketi na karatasi. Halmashauri tulikuwa na masijala ya wazi na masijala ya siri, na jalada la mtumishi halikuwahi kulala rafu moja na jalada la ununuzi wa madawati. Nani anaruhusiwa kuliona jalada, nani anaruhusiwa kuandika ndani yake, nani anaruhusiwa kuliondoa rafuni: haya yalikuwa maswali matatu tofauti yenye majibu matatu tofauti, na mtu alikuwa anaweza kupewa la kwanza akanyimwa mawili yaliyobaki. Kijana akanitazama, kisha akasema kwamba Samba nayo inauliza hivyo hivyo, ila wateja wake huwa hawana majibu, kwa hiyo anafungua milango yote ili wasimpigie simu usiku.

Majibu tuliyapata kwenye karatasi kabla hajagusa tena kibodi. Juu kabisa kuna folda tatu: Miradi, Fedha, Utawala. Fedha inafunguka kwa mhasibu na bosi tu, na wengine hata jina lake hawalioni. Kila mradi unabeba namba yake ya kwenye daftari la kazi, ikianzia na mwaka, kisha eneo. Ndani ya mradi kuna folda nne: barua, data za uwandani, michoro inayofanyiwa kazi, na michoro iliyoidhinishwa. Data za uwandani zikishamiminwa kutoka kwenye mashine ya GPS hazibadilishwi na mtu yeyote, zinasomwa tu. Michoro inayofanyiwa kazi ni uwanja wa wapimaji wote, waivuruge watakavyo. Iliyoidhinishwa, kila mtu anasoma, lakini anayeweka ni mpimaji mkuu peke yake, na gari haliondoki kwenda uwandani na karatasi isiyotoka kwenye folda hiyo. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanasoma, hawaandiki popote isipokuwa kwenye folda yao wenyewe. Tarehe kwenye majina ya mafaili zinaandikwa mwaka kwanza, mwezi, halafu siku, maana kompyuta ikipanga zinajipanga zenyewe. Ukianza na siku, tarehe mosi Desemba inakaa kabla ya tarehe pili Januari.

Kila mtu ana jina lake na paswedi yake. Hili walilipinga sana. Walitaka paswedi moja ya ofisi, ibandikwe ukutani. Nikawauliza, likifutwa faili nitamwita nani? Pamoja na hayo fundi aliwasha kitu kinaitwa pipa: ukifuta faili halipotei, linahamia mahali ninapopaona mimi, na nimeshatoa humo vitu ambavyo wenyewe walikuwa wanaapa hawakuvigusa.

Walisema mama analeta urasimu. Ni kweli, nimeuleta. Mpimaji wetu mmoja mtu mzima bado ana nakala zake alizozificha kwenye kompyuta yake, na huyo nimemwachia Mungu.

Tulivutana tena juu ya mashine ya fotokopi. Ni ya zamani, na ili itupe nakala zilizoskaniwa moja kwa moja kwenye seva ilikuwa inadai lugha ya mtandao iliyopitwa na wakati, SMB toleo la kwanza. Fundi alitaka kuiwasha, ni mstari mmoja tu wa kubadilisha. Bahati nzuri bosi alikuwa anaikumbuka WannaCry, kirusi kile cha Mei 12, 2017 kilichofunga mafaili ya kompyuta duniani na kudai fidia, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kiliingilia tundu la toleo hilo hilo. Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi mwaka ule, waliokumbwa ni wale ambao hawakukiweka. (Tarehe 12 Mei naona ina mkosi na mitandao.) Basi mashine ikaunganishwa kwa kebo ya USB kwenye kompyuta ya mapokezi, inaskania hapo, na binti wa mapokezi anapandisha kwenye seva. Ni hatua moja zaidi na hakuna aliyekufa. Na seva yetu haionekani kutoka nje ya jengo. Atakayekuambia akufungulie njia kwenye ruta ili uone mafaili ukiwa nyumbani, mkatalie, au alete mtu anayejua kufanya hivyo kwa njia iliyofungwa.

Nakala za akiba nazo zina maneno yake. Fundi alituambia diski mbili zinaandika kitu kile kile kwa pamoja, moja ikifa nyingine inaendelea. Vizuri. Lakini ukifuta kwa makosa, zote mbili zinafuta kwa pamoja, kwa utii ule ule. Na jengo likiungua zinaungua zote. Kwa hiyo tuna diski mbili za nje zinazopokezana: moja iko ofisini inapokea nakala kila usiku, nyingine iko nyumbani kwa bosi, na kila Ijumaa zinabadilishana. Inayotoka nje imefungwa kwa ufunguo wa siri, maana ndani yake mna majina ya wateja, namba za vitambulisho na viwanja vyao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haibagui ofisi kubwa na ndogo. Diski hiyo ikidondoka kwenye bajaji, anayeiokota asiwe na cha kusoma.

Kwa sisi wa pwani kuna na chumvi. Hewa ya bahari inakula vyuma, na kompyuta iliyowekwa dirishani kwa ajili ya upepo inaota kutu ndani kabla ya miaka mingi. Yetu iko kwenye kabati lenye matundu, juu ya usawa wa magoti, na plagi yake ni ya peke yake, imezibwa kwa utepe mwekundu, kwa sababu birika la chai lilikuwa limeshaizoea.

Ombi langu ni kwa vyuo. Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye kampasi hapa Tanga, kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu, na vijana wake nawapokea na nawapenda. Wawekwe chumba kimoja na wanaosoma TEHAMA, wapewe seva tupu, wapange nani anasoma na nani anaandika. Mafundi wetu wanajua kufungua milango, ila hawajui vyumba. Sisi makarani tunajua vyumba, ila mlango wa kompyuta tunauogopa.

Kwako wa Morogoro: kama ofisi yako ina watu watatu au wanne, hata swichi ya matundu manane inatosha na utabakiwa na nafasi ya printa. Chora kwanza karatasi yako, umwonyeshe fundi. Na usimlipe salio lake mpaka achomoe kebo ya intaneti, mafaili yafunguke vilevile, kisha afute faili moja mbele ya macho yako na kulirudisha kutoka kwenye diski ya akiba, wewe ukiwa umeshika saa.

Wako,
Karani wa Masijala Mstaafu,
Chumbageni, Tanga