Nililipia gia ya mkono, nikaletewa oto na dharau mbele ya mkwe wangu

S.L.P. Iringa
18 Septemba 2025

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Uagizaji na Uuzaji wa Magari,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TOYOTA 86 YA MWAKA 2012 NA JINSI NILIVYOPOKELEWA OFISINI KWENU JUMAMOSI TAREHE 23 AGOSTI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima zote, na nitajitahidi heshima hizo zifike hadi kwenye sahihi. Masharti ya mauzo mnayajua kuliko mimi, mliyaandika wenyewe, kwa herufi za sisimizi, nyuma ya profoma, ile ankara yenu ya awali. Sitawafundisha. Naomba tu mtu mwenye miwani hapo ofisini asome kile kifungu kinachohusu gari kufika tofauti na maelezo, kisha aendelee na barua hii.

Profoma yenu ya Februari, yenye muhuri wenu, inasema: Toyota 86, ZN6, 2012, nyekundu, cc 1998, 6MT. Hizo herufi za mwisho, yaani gia sita za mkono, ndizo nilizolipia. Nililipa shilingi 41,500,000 kwa awamu mbili, na nakala za risiti nimeambatisha. Mwezi Juni dereva wenu aliniletea gari Iringa saa tatu usiku, umeme umekatika, baridi imekaza, naye anawahi basi la kurudi. Nikasaini karatasi yake kwa tochi ya simu. Asubuhi nilipofungua mlango nikahesabu pedali. Zilikuwa mbili.

Nilipiga simu siku hiyohiyo. Mkanijibu kwamba oto ni bahati, wenzangu huiongezea hela. Nikasema sikuomba bahati, niliomba gia ya mkono. Mkasema nisubiri bosi arudi safari. Bosi huyo alisafiri wiki tisa.

Ndiyo maana tarehe 23 Agosti niliendesha mwenyewe kilomita zipatazo 500 hadi kwenu. Nilikuwa na baba mkwe wangu, mzee wa miaka 74 aliyekuwa anakwenda kliniki Muhimbili, na mwanangu amekunjwa kiti cha nyuma kama shati kwenye begi. Meneja Mauzo wenu alinisikiliza kwa dakika mbili hivi, akautupa ufunguo wangu mezani ukateleza hadi sakafuni, akasema wateja wakisikia: "Kwa hela ile, mzee, umenunua sura. Mbio zinauzwa kwingine." Aliyeinama kuuokota ufunguo ni baba mkwe wangu.

Nitarudi hapo. Kwanza nimjibu kijana wenu huyo, kwa sababu siku ile hakunipa nafasi.

Alisema mtu mwenye akili, kwa milioni arobaini, huchukua Mark X. Mimi ni mhasibu, mjadala wa hesabu siukimbii. Mark X ya cc 2500 ina nguvu farasi 203 na uzito wa kilo 1,500 na ushee. Hii 86 ina farasi 200 na kilo 1,200 na ushee. Kila farasi wa Mark X anabeba kama kilo saba na nusu. Wa 86 anabeba sita na kidogo. Injini yenyewe ni boksa ya Subaru, pistoni zimelala ubavu, kwa hiyo uzito umekaa chini kabisa. Na cc 1998 haivuki ule mstari wa 2000 ambapo TRA wanaongeza ushuru wa bidhaa. Mark X ni gari zuri, jirani yangu analo, watu wanne wanakaa wakanyoosha miguu. Lakini Toyota na Subaru walipoitoa 86 mwaka 2012, na kuipa jina la ile Corolla ya AE86 ya 1983, hawakuwa wanatafuta nafasi ya miguu. Walitaka gari jepesi, lisilo na turbo, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo mtu wa mshahara anaweza kulinunua. Hata tairi waliliwekea za upana wa milimita 215 tu, kwa makusudi. Kwa kitabu, lenye gia ya mkono linafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 7.6, na la oto sekunde 8.2. Hizo si mbio za kutisha, na hakuna aliyeniahidi ndege. Utamu wake uko kwenye kona, na kwa bei ile bado sijaona jingine linalolifikia.

Sasa sikilizeni kwa nini zile herufi mbili zina uzito. Injini hii torki yake kubwa, yaani nguvu ya kuvuta, Newton-mita 205, iko juu huko kwenye mizunguko 6,400 hadi 6,600 kwa dakika. Kati ya 3,000 na 4,500 ina bonde. Ukikanyaga hapo inavuta pumzi kwanza ndipo iitike. Mwenye gia ya mkono analiruka bonde hilo: anashuka gia moja, mshale unapanda, gari linaamka. Mimi napanda mlima Kitonga karibu kila mwezi. Niko nyuma ya lori la mzigo linalotambaa, nafasi ya kupita inafunguka, nakanyaga, na oto yenu inatafakari. Inapoamua, nafasi imeshajifunga na mwenye lori ananipungia mkono. Najua vile vipadali nyuma ya stelingi vipo, kijana wenu alinionyesha kama anayemwonyesha mtoto swichi ya taa. Navitumia. Sivyo nilivyolipia.

Na msinijibu kwamba Iringa ni juu. Najua tuko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na injini isiyo na turbo huku hukosa pumzi kiasi. Hilo simlaumu mtu. Ninalolaumu ni hili: Julai mwanangu alishika saa ya simu alfajiri kwenye barabara ya Mtera, sehemu isiyo na nyumba wala mbuzi, nikakanyaga mpaka chini. Sekunde 13 kufika kilomita 100 kwa saa. Daladala la Ipogolo likiwa tupu lingenikaribia.

Nikampelekea fundi. Boksa ina adabu yake, plagi ziko ubavuni na mkono unapita kwa shida. Fundi alilala chini ya gari nusu siku, akatoka na ngozi ya vidole imechubuka. Alipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne. Tatu zilikaribiana. Ya nne ilikuwa chini mno, akarudia kupima mara tatu akidhani geji yake imekufa. Akaniuliza swali ambalo nyinyi mlipaswa kuwa nalo kwenye faili: hili gari lilishafanyiwa kazi ya springi za valvu?

Mnaijua kazi hiyo, biashara yenu ni magari ya Japani. Novemba 2018 Toyota na Subaru waliyaita magari haya ya uzao wa 2012 na 2013 yarudi karakana kwa sababu springi za valvu zingeweza kukatika. Na si kazi ya kufungua boneti na kufunga, injini inashushwa. Sisemi kwamba ndiyo iliyoua silinda yangu. Nilitaka karatasi tu, inayoonyesha ilifanyika au haikufanyika, pamoja na ile shiti ya mnada, karatasi ya Japani inayoeleza hali ya gari, mliyoniahidi tangu Februari. Hilo ndilo nililouliza mezani kwenu tarehe 23. Jibu la Meneja Mauzo: "Japani huko, mzee, kwani mimi nilikuwepo?"

Hapo ndipo naomba turudi, maana mara ya kwanza nimeandika kwa haraka na nimewapunguzia.

Tuliingia saa tano asubuhi. Baba mkwe alitangulia, kwa sababu mimi nilikuwa namsaidia mwanangu kujikunjua. Kijana wenu, ambaye kwa umri ni mjukuu wa yule mzee, hakutoa shikamoo. Alinyoosha kidole kuelekea benchi. Mzee akakaa na bahasha yake ya kliniki mapajani. Nikaeleza shida yangu taratibu, nimeiandika kwenye karatasi ili nisipandwe na hasira. Kijana alikuwa anakula karanga. Nilipofika kwenye silinda ya nne akasema nimpe ufunguo. Nikadhani anataka kwenda kuliwasha. Akaushika kwa vidole viwili, kama mtu ameshika mkia wa panya, akamwangalia mwenzake wa kaunta, ndipo akautupa. Ulipiga meza, ukapita katikati ya vikombe, ukaanguka upande wa pili. Mwenzake akacheka. Walikuwepo mume na mke waliokuja kuangalia Harrier, nao wakacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Ndipo likaja lile neno: "Kwa hela ile, mzee, umenunua sura. Mbio zinauzwa kwingine." Na akaongeza, hili sikuliandika mwanzo: "Hii gari ni ya vijana wa kupigia picha. Wewe ulikuwa unaitafutia nini?"

Mimi sikuweza kuinama. Miguu ilikataa. Baba mkwe wangu, mwenye goti lililofanyiwa operesheni, alishika ukingo wa meza, akashuka taratibu, akauokota ufunguo, akaupangusa kwa kanzu yake, akaniwekea mkononi. Hakusema neno mpaka tulipofika Chalinze. Hapo akaniuliza, "Mwanangu, ni shilingi ngapi ulizowapa wale?" Nikamdanganya. Nimemdanganya mkwe wangu, kwa ajili yenu.

Nimeshapanga foleni ofisi nyingi katika nchi hii na kuambiwa njoo kesho na watu wa kila aina. Ila sijawahi kuona mchuuzi wa samaki anayemtukana samaki wake mwenyewe ili asimrudishie mteja hela. Februari, kabla sijalipa, kijana huyohuyo aliniita "bosi" na kuniambia 86 ni gari la dereva anayejua kuendesha. Agosti likageuka gari la kupigia picha. Gari ni lilelile. Kilichobadilika ni upande zilipo milioni 41 na nusu.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba jambo moja la kiungwana: mnibadilishie gari kwa lile la profoma, lenye gia ya mkono na injini nzima, au mlifanyie hili matengenezo na kunirudishia tofauti ya bei. Nilitaka kuwapa siku 30.

Nimeisoma tena aya ya kanzu. Ombi hilo nimelifuta.

Nataka fedha yangu yote, shilingi 41,500,000, na gari lenu mlichukue Iringa kwa gharama zenu. Nataka shilingi 640,000 za gereji, risiti ipo, na mafuta ya safari ya tarehe 23 Agosti, kwenda na kurudi. Nilikuwa nimeandika siku 14. Someni siku 7 za kazi tangu kupokea barua hii. Na nataka Meneja Mauzo aje Iringa kumwomba radhi baba mkwe wangu, nyumbani kwake, ana kwa ana. Simu siitaki, wala ujumbe wa WhatsApp wenye viganja vilivyokutanishwa. Aanze na shikamoo.

Siku hizo zikipita kimya, malalamiko haya yatakuwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yakiwa na profoma, picha ya pedali mbili na taarifa ya fundi. Kutoka hapo ni mahakamani, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inajua cha kufanya na muuzaji anayeandika 6MT akaleta oto. Wakati shauri linasubiri tarehe, nitaliegesha gari hili nje ya geti lenu, upande wa barabara ambako nina haki ya kuegesha, na profoma yenu nimeikuza nikaibandika kioo cha mbele ndani. Nina likizo ya siku 28 ambayo sijaigusa. Wateja wa Harrier watasoma wenyewe.

Wasalaam,

Mteja wenu mwenye 86 nyekundu

Viambatisho: profoma, risiti mbili za malipo, taarifa ya vipimo vya kompresheni, risiti ya gereji, picha tatu.

Nakala: Tume ya Ushindani (FCC), Dar es Salaam. Bado iko mezani kwangu, ndani ya bahasha yenye anwani.

N.B. Ufunguo wa akiba mnao bado. Dereva wenu alisema utafuata na basi la kesho yake. Huo msiutupe.