Barua kwa Mwanaidi kuhusu zile pointi nane

Chumbageni, Tanga
14 Desemba

Kwako shoga yangu mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Bi Mkubwa na wote wa hapo Bagamoyo. Sisi hatujambo, baba amesharudi kutoka Pangani na kikohozi kimempungua.

Barua yako imekaa kwangu wiki tano bila jibu, na sitasingizia shughuli. Uliniuliza namna GPA, yaani wastani wa pointi za masomo yote ya chuo, inavyopatikana ili umweleze mdogo wako aliyeingia mwaka wa kwanza, nami sikuweza kuandika kabla moyo haujatulia, kwa kuwa hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyoninyima daraja la kwanza.

Nimehitimu kwa 4.3, daraja la pili la juu. Mama alikwisha kuwaambia majirani kwamba daraja la kwanza limeingia nyumbani, maana mimi mwenyewe nilipiga hesabu nikapata 4.377 na nikaamini kuwa itaandikwa 4.4. Chuoni kwetu, Mwanaidi, desimali ya pili haipandishi ya kwanza, bali hukatwa. Hata mwenye 4.39 huandikiwa 4.3, na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Mama hakusema neno. Aliipika pilau ile ile aliyoikusudia, akawaita watu wale wale.

Mdogo wako mweleze hivi. A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2 na D ina 1. Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti za somo hilo, yaani uzito wake, kisha jumla ya masomo ya miaka yote hugawanywa kwa jumla ya krediti, kwa hiyo somo la krediti 12 humpandisha au kumshusha mtu kuliko la krediti 8. Krediti zangu zilikuwa 360 na pointi zangu 1576, nami nilihitaji 1584. Pointi nane! Katika takwimu ya mwaka wa kwanza, somo la krediti 12, nilipata alama 49, ambayo kwetu ni C. Ningepata 50 ingekuwa B, ningeongezewa pointi 12 na kufikia 4.41.

Unaukumbuka muhula ule, tulipokwenda Muheza harusini nami nikakosa jaribio? Tuliambiana kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. Alama moja ya siku zile imenifuata hadi kwenye cheti, na hilo ndilo ninalotaka alisikie mapema, kabla hajaambiwa na wenzake kama tulivyoambiwa sisi. Asitegemee sapu pia, kwani kwetu anayefaulu mtihani wa marudio huandikiwa C hata akipata 80.

Mjomba aliyeko Marekani alishangaa kusikia 4.3, kwa kuwa huko kipimo cha kawaida huishia 4, na wanaohitimu kwa heshima huandikiwa maneno ya Kilatini kama cum laude, kila chuo kikijipangia kiwango chake. Ilinibidi nimweleze kwamba kipimo chetu ni cha 5. Baba naye amenionyesha tangazo la nafasi ya mkufunzi msaidizi linalotaka GPA isiyopungua 3.8, na nimeomba. Nashukuru kwa hilo, lakini bado usiku huirudia ile takwimu.

Je, mdogo wako ameshajua kila somo lake lina krediti ngapi? Kuna somo la hesabu linalomtisha? Atapita Tanga wakati wa likizo, ili nimpe daftari langu la takwimu na tukae naye siku mbili tatu? Na wewe mwenyewe, mbona hukuniandikia lolote kuhusu ile posa? Bi Mkubwa amekubali?

Nijibu upesi, usinilipize wiki tano.

Ni mimi shoga yako,
Rehema