Risala ya Wachoraji wa Rangi za Maji wa Ng'ambo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Picha Zao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa kikundi chetu,
Mwalimu Mkuu uliyetupa ukumbi wa skuli yako,
Waheshimiwa masheha wa shehia zetu,
Wazee wetu, walimu, wasanii wenzetu na wanafunzi,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu, maana tunajua kiongozi wa ngazi yako amezoea kuitwa kufungua kisima au darasa. Leo umeitwa kwenye ukumbi uliojaa picha za ndoo, ngazi za mabloki, chupa za chai na kiti kimoja kilichokatika mguu. Kwa hiyo kabla hujakata utepe, tunaomba tukueleze kwa nini katika kuta hizi zote hutaona jahazi hata moja likiwa mbele ya jua linalotua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukipita madukani kuanzia bandarini hadi Forodhani utaona picha zilezile: jahazi, mnazi, mlango wa njumu, Mmasai mrefu mwenye mkuki. Pembeni yake kuna picha za mtindo wa tingatinga. Hatuzibezi. Mzee Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza Dar es Salaam na vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, na mtindo aliouacha unalisha familia nyingi hadi leo, zikiwemo za baadhi yetu humu ukumbini. Tatizo letu ni kwamba picha hizo huamuliwa na mnunuzi ambaye kesho kutwa anapanda ndege. Yeye anataka Zanzibar aliyokuja kuitafuta. Jikoni kwa mama zetu hajafika, na hatuwezi kumlaumu, hakualikwa.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kabla na baada ya hapo umechorwa, umepimwa na kupigwa picha kila uchochoro. Sisi tunaokaa huku Ng'ambo, upande wa pili wa Darajani, ndio wengi wa watu wa mjini, na mtaa wetu haujapata wachoraji. Ndipo tulipokubaliana kuchora tunapopita kila siku. Kituo cha gari za mbao ziendazo shamba. Kibanda cha kuchaji simu. Baraza la saruji ambalo wazee wamelikalia mpaka limeng'aa. Na mabloki ya ghorofa ya Michenzani.

Kuhusu Michenzani, Mheshimiwa, tuvumilie kidogo, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha kazi. Mabloki yale yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa maono ya Mzee Abeid Amani Karume na kwa msaada wa wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki. Ni marefu, yamenyooka, yamepangwa kwa umbo la msalaba, na mtu akiyatazama kwa mara ya kwanza husema hakuna cha kuchora pale, ni saruji tupu. Sisi wenyewe tulisema hivyo. Lakini kaa chini yake asubuhi, upande wenye kivuli, utaona kwamba hakuna roshani mbili zinazofanana. Huyu amepaka kijani, yule ameziba kwa mbao, mwengine amefuga kasuku, mwengine ana mirehani kwenye makopo ya maziwa. Kamba za nguo zinakueleza nani ana mtoto mchanga na nani amerudi safari. Na chini ya kila dirisha kuna mchirizi mweusi ambao mvua za masika zimeuvuta mwaka baada ya mwaka.

Mchirizi ule ndio kazi inayowezwa na rangi za maji kuliko rangi nyengine yoyote. Unalowesha karatasi, unachanganya buluu ya ultramarini na udongo wa siena uliochomwa, unapata kijivu chenye uhai, kisha unainamisha ubao na kuyaachia maji yashuke yenyewe. Huyalazimishi. Buluu ile ina chembe nzito, inatua kwenye vijishimo vya karatasi, na ukuta unatokea na chunusi zake zote. Picha nambari moja, mkabala na mlango, ndivyo ilivyofanywa. Mwenye nyumba ya ghorofa ya tatu alipoiona aliuliza tu kwa nini hatukumwondolea ile shuka yake iliyochanika. Tukamwambia shuka ndiyo iliyotuvuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nusu ya pili ya maonyesho haya ni vitu vya nyumbani. Kikundi kilijiwekea sharti: kila mwanachama alete kitu kimoja kutoka kwao ambacho wenye nyumba hawawezi kukiuza hata kwa bei gani. Kwanza tulidhani vitaletwa vyetezo, mirashi ya fedha na masanduku ya njumu. Vilikuja viwili vitatu vya namna hiyo. Vingi vilikuwa vitu ambavyo ungevikuta jalalani ukasema afadhali.

Mwenzetu mmoja alileta dele la kahawa la babu yake, aliyekuwa akitembeza kahawa mitaani na kugonganisha vijikombe ili watu wajue anapita. Mkono wa dele ulikatika zamani, ukafungwa kwa waya wa umeme, na waya ule haujatolewa. Shaba ina tabia ya kubeba chumba kizima juu yake, kwa hiyo ukiitazama kwa karibu ile picha, kwenye tumbo la dele utaliona dirisha dogo la jikoni na mtu ameinama. Ni mchoraji mwenyewe. Hakukusudia kujichora, lakini shaba haikumwacha.

Mwengine alileta cherehani ya mama yake, Singer ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu. Dhahabu imefutika mahali pamoja tu, pale kiganja cha kushoto kilipokuwa kikipumzika wakati wa kusukuma kitambaa. Sare za skuli za watoto wa mtaa mzima zimepita pale. Mchoraji ameacha mashine yote katika kivuli kizito, na sehemu ile iliyofutika ameipa mwangaza peke yake. Katika picha zote humu, ukituuliza faragha, tutakwambia hiyo ndiyo tunayoiona bora, ingawa katibu hatakiwi kuwa na upande.

Kuna kanga ya kisutu ya bibi mmoja wa Kikwajuni, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi, aliyoitunza tangu siku yake. Wanafunzi mlioko hapa mwende mkaitazame kwa macho ya fundi. Katika rangi za maji weupe haupakwi, ni karatasi iliyoachwa wazi. Ukishaiziba umeikosa. Mchoraji alipitisha kwanza kipande cha mshumaa juu ya kila kidoa cheupe, kisha akatandika wekundu. Rangi ikakimbia nta, vidoa vikabaki. Bibi alikaa naye mchana kutwa, akimsahihisha idadi ya vidoa kwenye pindo.

Na ipo chupa ya chai ya kichina yenye maua, ambayo haishiki moto tena. Inakaa juu ya kabati kwa sababu ndiyo iliyopelekwa hospitali kila asubuhi wakati baba wa nyumba ile alipokuwa amelazwa. Hatuna la kuongeza juu ya hiyo.

Jambo hili hatukulitarajia, Mheshimiwa. Wazee waliokuwa hawana habari na uchoraji walianza kuzungumza mara walipoona vitu vyao vimechorwa. Mzee anayejibu kwa neno moja alisimulia habari za dele mpaka adhana ya Alasiri. Kwa hiyo chini ya kila picha tumeandika maneno ya mwenye kitu kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Tunaomba usiyapite haraka.

Wako wanaotuambia kwamba uchoraji wa namna hii si sanaa, ni kukosa la kuchora. Tunawajibu kwa adabu kwamba mwaka 1503 Mjerumani Albrecht Dürer, aliyekuwa akichorea wafalme, alichukua rangi za maji akachora kishina cha nyasi na magugu, jani kwa jani, na picha hiyo imehifadhiwa mpaka leo Vienna, katika jumba la Albertina. Mwaka mmoja kabla alikuwa amemchora sungura. Na huko Marekani, Andrew Wyeth, aliyefariki mwaka 2009, alirudi kwa takriban miaka 30 kwenye nyumba moja ya mbao ya majirani zake huko Maine, akachora ndoo zao, milango yao na madirisha yao. Ulimwengu mzima ulikuwa mbele yake akachagua kwa jirani. Sisi majirani tunao wa kutosha.

Rangi zenyewe haziko mbali na sisi. Kinachoshika unga wa rangi pamoja ni gundi ya mgunga, ambayo kwa wingi hutoka Sudan. Zanzibar nayo katika karne ya 19 ilikuwa ikisafirisha sandarusi, yaani utomvu mkavu wa miti, iliyochimbwa Mrima, pwani ya bara, mpaka Salem, Marekani, kwa ajili ya vanishi. Huenda samani nyingi za wazee wa huko zimeng'arishwa kwa mali iliyopita bandari yetu. Hata maji tunayochorea yana kisa. Ya visima vya karibu na pwani yana chumvi, na chumvi ikiangukia rangi mbichi huifukuza na kuacha nyota nyeupe. Kwa picha ya uso wa mtu huo ni msiba, kwa hiyo tunakinga maji ya mvua. Kwa ukuta wa chokaa ulioliwa na upepo wa bahari, tunainyunyiza chumvi hiyo makusudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuje kwenye yanayotukwaza.

Karatasi ndiyo ya kwanza. Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, isiyojikunja sana ikilowa, hatuipati madukani hapa, tunaagizia wasafiri. Ya kawaida inageuka manjano na kuvimba. Wanafunzi wanajifunzia manila, na mtoto anayejifunzia manila hudhani hana kipaji, kumbe hana karatasi.

Pili ni unyevu. Masika yakiingia, ukungu unaota ndani ya fremu. Tukiwahi kuzitoa nje zikauke, jua linafifisha wekundu. Kule Vienna sungura wa Dürer hutolewa hadharani mara chache sana kwa kuogopa mwanga tu. Picha zetu zimelala chini ya vitanda vya wanachama.

Tatu, tunafukuzwa. Mchoraji akikaa na ubao wake karibu na jengo la umma, mlinzi huja kumuuliza anapima nini na ametumwa na nani. Mtalii mwenye kamera hupita bila kuulizwa. Mwenzetu mmoja alichukuliwa karatasi yake ikiwa mbichi na ikarudishwa imekunjwa mara nne. Hatumtaji mtu wala ofisi, tunataka utaratibu.

La mwisho ni muda. Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, dunia nzima ilisikia, na picha zake zipo kila mahali. Nyumba za fito na udongo za Ng'ambo zinavunjwa moja moja kupisha majengo mapya. Wenyewe wanafurahia kupata vyoo vya ndani na umeme wa uhakika, na wana haki ya kufurahi. Sisi hatupingi. Tunaomba tu tuambiwe mapema, wiki moja inatosha, tuende na karatasi zetu kabla ya tingatinga la pili, lile la chuma.

Kwa hayo tunakuomba, Mheshimiwa, utusaidie kupata chumba kikavu katika moja ya majengo ya Serikali, kisiwe kikubwa, chenye rafu na dirisha lisilokabili jua la jioni. Tunaomba barua ya utambulisho tutakayoweza kumwonyesha mlinzi. Tunaomba pia uzungumze na wahusika wa elimu ili walimu wa sanaa katika skuli za mjini wapate karatasi halisi, hata kidogo, kwa madarasa ya juu. Kwa upande wetu tumejitolea kufundisha skuli yoyote itakayotuita siku za Jumamosi bila malipo, mradi watoto waje na kitu kutoka kwao.

Na ombi dogo zaidi. Pale mlangoni kuna meza yenye nafasi moja iliyoachwa wazi, yenye jina lako. Tunakuomba utuazime kitu kimoja cha nyumbani kwako tukichore na kukurejeshea kama kilivyo. Kisiwe ngao wala zawadi ya ofisini, Mheshimiwa, hizo tunazijua. Kama hukumbuki upesi, tafadhali muulize Mama nyumbani. Katibu atakuja kukifuata mwenyewe, na kitambaa cha kukifungia atakuja nacho.

Naomba kuwasilisha. Ahsanteni sana.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wote