Barua kwa mdogo wangu, kuhusu ile kofia ya chui

Liège, Ubelgiji, Jumapili usiku

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za nyumbani Likasi, za mama watoto na watoto wote? Huku tuko salama, ila baridi imeanza mapema na goti langu limerudia ukorofi wake. Pesa ya dawa za mama nilituma Alhamisi. Nenda ukaichukue asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu.

Nimeipata ile picha ya mwanao amevaa kofia ya chui, fimbo mkononi, kama Mobutu, na chini ameandika: "Heri Mobutu kuliko hawa." Nilicheka. Halafu nikaiangalia tena, kicheko kikakata. Simlaumu mtoto. Alizaliwa Mzee Mobutu, rais wa Kongo yetu aliyeiita Zaire, ameshazikwa kule Rabat, Morocco, na tangu apate akili hajaona kingine ila vita, giza la kukatika umeme na wakubwa wa magari meusi. Lakini mimi nilikuwepo. Msomee barua hii, maana kwenye simu nikianza tu kueleza, ananiambia, "Shangazi, salio linaisha."

Anza na mazuri, asije akadhani nina kisasi. Nchi ambayo Mzee aliichukua Novemba 1965 ilikuwa imechoka kwa uasi na wanasiasa wasioelewana. Alituliza. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, ikawa mali ya taifa, ndiyo Gécamines. Pesa mpya ilipotoka 1967, zaire moja ilikuwa dola mbili. Baba alikuwa akilisema hilo kama mtu anayesimulia harusi yake. Leopards, timu yetu ya taifa ya mpira, walichukua kombe la Afrika 1968 na 1974, na mwaka huohuo wa 1974 Ali na Foreman walipigana ngumi Kinshasa, dunia nzima ikitutazama sisi. Na hata leo, nikikutana hapa kituo cha basi na mtu wa Matadi au wa Mbandaka, tunaitana ndugu kabla ya kuulizana kabila. Hilo nalo sehemu ni kazi yake, silikatai.

Ila hata huo utulivu, mwanao aulizwe uliletwaje. Juni 1966 watu wanne walinyongwa hadharani Kinshasa, mbele ya umati, kwa tuhuma za kutaka kumpindua Mzee. Mmoja wao alikuwa Évariste Kimba, aliyewahi kuwa waziri mkuu, mtu wa kwetu Katanga. Waliokwenda kutazama walirudi nyumbani kimya, na kimya hicho ndicho wengine wanakiita amani.

Wewe hukuliwahi duka la Mgiriki pale karibu na kampi. Mimi nililiona likifa. Novemba 1973 Mzee alitangaza kwamba biashara za wageni ziwe za Wazaire. Watu walishangilia, na baba naye, maana Mgiriki yule alikuwa na mdomo mchafu. Duka akapewa mkubwa mmoja wa chama, mtu asiyejua bei ya kiberiti. Aliuza sadini, akauza vitenge, akauza sabuni, hela ikaenda kwenye gari, wala hakuagiza kitu kingine. Mama alinituma chumvi na kibakuli changu. "Imekwisha, rudi kesho." Nikarudi kesho, na kesho yake. Mara ya mwisho nilikuta rafu tupu, na mizani juu ya meza imepigwa vumbi, sahani moja iko chini kana kwamba bado inapima kitu. Mwaka 1976 serikali ikawaita wenye maduka wa zamani warudi. Wa kwetu hakurudi.

Mwanao atakwambia bei ya shaba ilianguka. Kweli, ilianguka vibaya, na hilo si kosa la Mzee. Lakini katikati ya miaka ya 1980 Gécamines bado ilikuwa inatoa tani za shaba zaidi ya 450,000 kwa mwaka. Kufika 1994 hazikufika hata 50,000. Mashine hazikutengenezwa, hela ilikwenda kwingine. Kwao Gbadolite palijengwa majumba ya marumaru msituni, na uwanja wa kutua hata Concorde, ile ndege ya kasi kuliko sauti. Na ule umeme wa bwawa la Inga! Nyaya za kilomita kama 1,700 zililetwa mpaka Kolwezi kwenye migodi, zikipita juu ya vijiji ambavyo usiku viliwasha kibatari. Kazi ya fundi naiheshimu. Lakini mwenye kibatari umwambie nini?

Umoja sasa. Mwanao anaupenda sana huo. Agosti 1992 Tshisekedi, mpinzani wa Mzee na Mkasai, yaani mtu wa jimbo la Kasai, alichaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa. Haukupita muda, kule kwetu Katanga Wakasai wakaanza kufukuzwa, gavana wetu mwenyewe akichochea, naye alikuwa upande wa Mzee. Unawakumbuka jirani zetu wa mlango wa tatu, waliozaliwa Likasi kama sisi. Walilala stesheni wiki nyingi wakisubiri treni, na cherehani yao ikiwa imefunikwa shuka. Mama alikuwa anapika bukari, yaani ugali, na sombe, anafunika sahani kwa sahani, ananituma nipeleke gizani ili mtaa usituone. Usiku mmoja nilifika nikakuta mtoto wao mdogo amefariki. Mama yake alipokea sahani, akasema asante, akaiweka chini. Huo ndio umoja tuliouimba kila asubuhi mbele ya bendera.

Mimi hesabu yangu ni hii: alijenga miaka minane, akala miaka ishirini na minne, na alipokuwa anakula aliwafundisha wengine kula. Hawa ambao mwanao anawachukia, shule yao ilikuwa ile ile. Wewe unaweza kupiga hesabu tofauti. Ulikuwa mdogo, na posho ya unga ilikuwa bado inakuja.

Lile sanduku la bati la baba bado liko chini ya kitanda cha mama? Ndani mna abakosti yake nyeusi, ile suti isiyo na tai ya enzi za Mzee. Mpe kijana aivae, itamkaa vizuri kuliko kofia. Mfuko wa kushoto kuna noti ya zaire milioni tano, ile ambayo wafanyabiashara waliikataa Januari 1993, askari waliolipwa nayo wakaivunjavunja Kinshasa. Baba aliiweka pale siku sokoni walipomrudishia. Kijana akiipata, anipigie. Salio nitatuma mimi.

Msalimie mama. Mwambie goti halijambo, usimwambie nilichoandika hapo juu.

Yaya wako, dada yako mkubwa