Mashua ikipotea gatini, tazama fundo kwanza

Mhariri,

Mashua ikikutwa imechukuliwa na mkondo, lawama hupewa kamba. Mara nyingi kosa ni fundo.

Wengi hapa Lamu huzungusha kamba kwenye nguzo, wakaipitisha juu yake yenyewe kama msalaba, wakazungusha tena na kuchomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Kwa kushusha abiria, linatosha. Lakini nailoni huteleza, na mashua ikiyumba huku na huku fundo hilo hulegea kidogo kidogo hadi ncha ichomoke.

Kwa kulaza chombo, zungusha nguzo mara 2 kamili kwanza; mizunguko hiyo ndiyo ibebayo uzito. Kisha ipeleke ncha juu ya kamba iliyokaza, izungushe kwa chini, itoe kwenye tundu, ukaze. Rudia kwa upande uleule. Ukigeuza upande, vifundo viwili havikai pamoja. Acha mkia wa shibiri moja. Anayekata mkia mfupi ili upendeze anajitafutia taabu.

Tena kuna bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida: hupanda na kushuka karibu mita 3. Kamba fupi iliyofungwa maji yamejaa, yakipwa itaining'iniza mashua kama samaki mshipini.

Punda naye afungwe vivyo hivyo, ila kifundo cha mwisho kipitishwe kitanzi badala ya ncha. Akijinasa, ukivuta mkia kinafunguka papo hapo, hata kamba ikiwa imekaza.

Msomaji,
Lamu