Msiile akiba ya usalama kwenye chuma

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita nilisimama chini ya kenchi za chuma za ukumbi unaojengwa mtaani kwetu. Ramani ilitaka bomba la mraba lenye unene wa ukuta wa milimita 3. Lililopandishwa ni la milimita 2. Msimamizi alinijibu kwa upole kabisa: "Mzee, wahandisi huwa wanazidisha. Tukipunguza kidogo, bado kuna akiba."

Akiba ipo, ila ina wenyewe. Katika BS 5950, viwango vya Uingereza vya majengo ya chuma ambavyo wengi wetu tulivisomea kabla havijaondolewa mwaka 2010, uzito wa jengo lenyewe ulizidishwa kwa 1.4, na wa watu na mizigo kwa 1.6, ndipo chuma kikachaguliwa. Watu walipewa nambari kubwa zaidi kwa kuwa hakuna ajuaye siku ya harusi watajazana wangapi. Ndani ya nambari hizo hizo ndimo kulifidiwa chuma kilichotoka kiwandani kikiwa dhaifu kidogo, vipimo vilivyopinda na hesabu zetu wenyewe, ambazo ni makadirio. Bei haimo.

Ukitoka milimita 3 kwenda 2 umeondoa karibu theluthi ya chuma. Kama kipande kilikuwa kimebebeshwa hadi kikomo kinachoruhusiwa, ile 1.4 inashuka hadi 0.93. Hapo hakuna akiba tena, kuna deni, na fundi wa kuchomelea hajakosea bado.

Viungo ndivyo vinavyonitisha zaidi. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupitia watu zilizoning'inizwa ukumbini, moja juu ya nyingine, zilianguka na kuua watu 114. Fimbo za chuma zilizozishikilia hazikukatika. Kwenye mchoro wa kwanza fimbo moja ilishuka mfululizo kutoka darini hadi njia ya chini, na kila njia ilikaa juu ya nati yake. Ili kurahisisha kazi, fimbo ikagawanywa mbili, na njia ya chini ikatundikwa kwenye boriti ya njia ya juu. Nati iliyopaswa kubeba njia moja ikabeba mbili, ikapenya boriti. Wachunguzi walikuta kwamba hata kiungo cha mchoro wa kwanza kilikuwa na takriban asilimia 60 tu ya nguvu iliyotakiwa na sheria ya ujenzi ya mji ule. Badiliko dogo lilikuta akiba imeshaliwa, na hakuna aliyekaa kulikokotoa upya.

Naziomba halmashauri zetu zidai mambo mawili. Chuma au kiungo kikibadilishwa, mabadiliko yarudi kwa mhandisi, naye aandike hesabu mpya na kutia sahihi. Na mkaguzi apande ngazi aguse viungo kabla dari haijafungwa. Ule ukumbi wa mtaani kwetu haujafungwa dari bado.

Mhandisi mstaafu,
Morogoro